Bakuli Lililojaa Pichani Tu

Saa tatu asubuhi, Restuta Rwezaura amesimama juu ya kiti cha plastiki katika mgahawa mmoja mjini Kayanga, wilayani Karagwe. Kamera imeelekea chini, kwenye bakuli tupu.

"Dada Adela, leta supu ya tambi sasa," anamwambia mwenye mgahawa. "Tambi hazisubiri mtu."

Kweli hazisubiri. Dakika nne tu zimeshafyonza mchuzi, zimevimba na kushikana kama uji. Ndiyo maana Restuta hupanga mwanga wa dirishani kwanza. Chakula huja mwisho.

Mama huyu wa watoto watatu, mwenye miaka 34, alianza kwa kupiga picha za kipaimara na harusi huko Nyabiyonza. Harusi zina msimu wake, lakini watu hula kila siku, hivyo akahamia kwenye picha za menyu za migahawa. Picha moja ni shilingi 5,000.

Mwaka huu nusura kazi imponyoke, na kosa ni lake. Alipopiga picha za menyu ya Adela, aliweka kikombe kifudifudi ndani ya bakuli, akapanga tambi na nyama juu yake. Pichani, bakuli likaonekana limejaa pomoni.

"Ilitoka nzuri," anasema. "Nzuri kuliko supu yenyewe."

Desderius Rogasian, mkulima wa kahawa wa Rugera, aliagiza kwa kuigusa picha hiyo kwa kidole. Supu ilipofika, akailinganisha na picha.

"Mama, hili ni la mtoto," akamwambia Adela. "Langu liko wapi?"

Mgahawa mzima ulicheka, isipokuwa Adela. Alikusanya menyu zote, akampa Restuta nafasi moja ya kurudia. Akishindwa, ataitwa mpiga picha wa Bukoba.

Leo hakuna kikombe. Adela anapakua kwa upawa uleule wa wateja. Restuta anapiga mara sita, anashuka. Hapa chakula kilichopakuliwa hakimwagwi, kwa hiyo bakuli linakwenda kwa Desderius, aliyeitwa makusudi.

"Shikamoo baba. Linganisha," Restuta anamwambia.

"Marahaba." Anatazama kamera, anatazama bakuli, anarudi kwenye kamera. "Ndilo hili. Ila limepungua nyama."

"Hiyo mwulize aliyepakua," Restuta anajibu.

Adela anaguna, kisha anampigia simu mchapaji wa menyu.

Sasa Restuta ameomba kazi kwenye nyumba ya wageni ya Bugomora, wilayani Kyerwa, yenye menyu ya vyakula kumi na viwili, na anasubiri jibu.

"Nimewaambia mapema," anasema akifuta lenzi. "Napiga mnachopakua. Mkitaka picha ijae, jazeni bakuli."