Kiti cha Dereva

Mzigo ulifika umefungwa kwa nailoni ngumu. Nilipoupasua kwa kisu changu cha kukatia leza, ile ngozi ya viti, harufu ya upya ilinipiga mpaka nikageuza uso. Gari ya baba haikuwahi kunuka hivyo. Ilinuka vumbi, mafuta ya taa na maembe yaliyoiva kupita kiasi. Lakini ndani ya ile nailoni kulikuwa na kava za siti za safu zote tatu, paneli za milango, kapeti na kitambaa cha dari, vyote vimetengenezwa upya huko Ulaya kwa kuiga vya zamani, mstari kwa mstari, rangi ile ile ya chai ya maziwa. Nikavitandaza juu ya meza ya kazi nikavitazama kama mtu aliyeitwa kutambua nguo za maiti.

Mimi ni fundi wa viti vya magari hapa Machakos mjini. Shule niliacha darasa la sita, na kuandika kunanitoa jasho kuliko kushona. Kazi hii sikuifanyia mteja. Niliifanyia mwaitu, mama yangu mzazi. Sukari ilikuwa imemla macho yote mawili, sasa ilikuwa imeshuka mguuni, na daktari alikuwa amesema mguu ukatwe. Mwaitu akakubali, lakini akaweka sharti.

"Kabla sijaingia kwa hiyo theata," akaniambia, "nataka nikalie pale alipokalia mtoto wangu. Gari iwake isiwake, si shida yangu. Mimi nataka kukaa tu."

Mtoto wake huyo ni kaka yangu mkubwa, na alikufa mimi nikiwa kando yake.

Gari yenyewe ni stesheni wagoni ya Kifaransa, ile iliyokuwa ikibeba harusi na matanga ya nusu ya lokesheni yetu. Baba aliinunua alipostaafu udereva. Akafa, ikawa ya kaka. Siku hiyo alasiri tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka Matuu, yeye anaendesha, nyuma kumejaa makreti ya maembe. Tukakata kona moja, mbele yetu lori ya mchanga imesimama katikati ya njia, ekseli imekatika. Huku kwetu hata mtoto anajua: gari ikikuharibikia, unakata matawi unayatandaza barabarani, mbali, kabla ya kona, ndiyo anayekuja apunguze mwendo. Hakukuwa na tawi hata moja. Wenye lori walikuwa wamelala chini yake, kivulini.

Tulipoigonga nilibanwa miguu lakini sikuzimia. Niliona. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, alichukua panga akakimbilia kichakani akaanza kukata matawi. Kaka yangu alikuwa bado anapumua, kifua kimelalia usukani, na huyo anakata matawi! Akayapanga barabarani vizuri, nyuma yetu, moja baada ya lingine. Polisi alipofika akaandika kwamba ishara zilikuwako na dereva wa gari ndogo alikuwa anaenda mbio. Majani yalikuwa bado yanatoa utomvu pale yalipokatwa.

Kwa hivyo nawataja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwataja. Yule wa panga. Polisi aliyeandika bila kuinama aguse jani. Mwenye lori, ambaye mpaka leo anakaa benchi la mbele kanisani, na ukifika wakati wa kupeana amani akinyoosha mkono, mimi naangalia dirisha. Na baba mdogo, ndugu ya baba, wa Ndithini. Huyo ndiye niliyemchukia kuliko wote. Hao wengine hawakuwa damu yangu.

Nikiwa bado hospitalini wazee walikaa wakasema gari iliyomwaga damu ya mtu isilale kwa boma la marehemu. Baba mdogo akajitolea kuiweka kwake. Nilipotoka, natembelea magongo, nikaenda Ndithini kuiona. Bodi ilikuwa nyuma ya ghala, pua imebonyea mpaka kwenye kioo. Ndani, hakuna kitu. Milango imebaki bati tupu. Wala siti moja.

"Baba, siti ziko wapi?"

"Zile za nyuma panya waliingia wakazaa. Nilizitoa."

"Na ya dereva?"

Akaangalia ng'ombe wake. "Hiyo iliondoka."

"Iliondoka na miguu gani? Umeuza kiti cha mtoto wa ndugu yako, na damu yake juu!"

Mama mdogo, mke wake, alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na ungo mkononi. Nilipandisha sauti makusudi, asikie. Nikasema mwizi. Nikasema amekula damu. Baba mdogo alisema tu, "Kijana, rudi nyumbani, mguu wako haujapona."

Sikumsalimu tena. Mwaitu aliponiuliza kulikoni, nilimwambia ni maneno ya mpaka wa shamba, maana sikutaka ajue kiti kimeuzwa. Miaka ikaenda hivyo. Baba mdogo alipokufa, mwaitu alipelekwa mazishini akishikwa mkono, mimi nikabaki kibandani nikishona siti za mtu. Baadaye mama mdogo akatuma neno fupi: njoo uchukue bati lako. Nikalichukua, likavutwa mpaka Machakos, mtu wa bati akalinyoosha pua.

Basi mwaitu alipotaka kukaa ndani, ilibidi nitafute ndani. Kwa kipofu, gari ni ile ndani yake. Rangi ya nje angeijulia wapi? Nikazunguka kwa vyuma chakavu mpaka Thika, nikapata fremu za siti zenye kutu, kava hakuna. Ndipo nikapelekwa kwa dalali mmoja wa Nairobi anayeagiza spea za magari ya zamani. "Orijino kabisa, mzee," akaniapia. "Hata baba yako akifufuka hatajua tofauti."

Sasa kava ziko mezani, nachukua ya dereva nalinganisha na fremu. Tundu la kupitishia wenzo wa kulaza kiti liko upande wa kushoto. Nikageuza. Nikageuza tena. Ya abiria wa mbele haikuwa na tundu kabisa. Kumbe huko zinakotoka usukani uko kushoto, na hakuna aliyekumbuka kuuliza, yeye wala mimi. Nikampigia.

"Ndugu yangu, umeniletea gari ya kushoto."

"Siti ni siti, mzee. Matako hayajui kushoto na kulia."

"Hata suruali ina mbele yake!"

"Si ugeuze tu? Wewe si fundi?" Akacheka, akakata simu. Huyo naye nimemtaja.

Kurudisha mzigo kungechukua miezi, na mguu wa mwaitu ulikuwa umeanza kunuka. Leza huwezi kuigeuza nje ndani, huku nyuma ni kitambaa. Nikafumua kava yote, uzi kwa uzi. Kava ya safu ya tatu nikaikata bila huruma, nikapata kipande cha ubavu, nikatoboa tundu jipya kulia, na lile la kushoto nikaliziba kwa mshono mdogo ambao jicho halioni. Nikaogopa kidole kingeuona. Juu ya springi nikaweka gunia la katani, juu ya gunia sponji. Kava nikaianika juani juu ya paa ilainike, nikaivalisha ingali na moto, nikaivuta kwa magoti na kuibana kwa vipete vya waya.

Halafu nikaitazama nikaona si yake. Ilikuwa sawa mno. Kaka yangu alikuwa mtu mzito, na aliendesha kiwiko kikiwa nje ya dirisha, kwa hivyo kiti chake kilikuwa kimelala upande wa kulia. Nikafungua tena vile vipete, nikachonga sponji kidogo kidogo upande huo, nakaa, nainuka, nachonga, mpaka nilipokaa nikaona mwili wangu unaenda dirishani wenyewe. Hapo ndipo nililia, peke yangu kwa gari, mtu mzima.

Mwaitu aliletwa asubuhi kabla ya kupelekwa hospitali. Nikambeba mwenyewe nikamkalisha. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa majani makavu. Akapapasa usukani, akapapasa mlango, akapitisha vidole kwenye mistari ya siti polepole, mmoja mmoja. Kwenye ule mshono wa kuziba akasimama kidogo, akapita. Mwili wake ukainama kulia.

"Aiya," akasema. "Ni yeye hukaa hivi."

"Nilipunguza sponji hapo, mwaitu."

"Umefanya vizuri." Akabonyeza kiti kwa kiganja. "Na hiki umekitoa wapi?"

"Kava ni ya Ulaya. Mengine nimeshona."

"Ndiyo. Maana chenyewe nilikizika."

Nikadhani ni homa. Nikamuuliza alizika nini.

"Kiti chake. Wewe ukiwa hospitali. Kilikuwa kimenywa damu mpaka kwenye springi. Nilimwambia baba yako mdogo, damu ya mtoto wangu haitakaliwa na mtu, na moto haitapelekwa. Akakifukia huko kwake, kule chini, kama anayezika mtu. Nikamwapisha asimwambie yeyote, hata mke wake. Watu wa kanisa wangesema nimerukwa na akili, nazika viti. Kwani hakukwambia hata wewe?"

"Hapana."

"Basi alishika neno lake." Akapapasa tena usukani. "Mtu mzuri sana yule. Sijui nyinyi mlikosania nini, shamba lenyewe ni mawe matupu."

Mkono wangu ulikuwa juu ya mlango. Ningeweza kumwambia. Nikasema, "Ni ujinga wa mpaka, mwaitu. Twende, wanatungojea."

Mguu ulikatwa. Siku iliyofuata, yeye akiwa bado wodini, nilikodi pikipiki nikaenda Ndithini. Mama mdogo alikuwa anapalilia. Aliniona, akaendelea na jembe.

"Umekuja kuchukua nini tena?"

"Nimekuja kukusalimu, mama."

"Aliyestahili salamu zako hayuko."

Nikamuuliza kama kuna mahali pa shamba ambapo mzee alikuwa halimi. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akanipeleka kule chini, penye kiraka cha nyasi ndefu, kipana kama kitanda. "Hapa," akasema. "Kila mwaka jembe linazunguka. Nikimuuliza, ananiambia niache."

Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maneno ya mwaitu na yale niliyoyapayuka uwanjani mwake na magongo yangu. Alikaa chini kwenye nyasi, jembe mapajani.

"Unajua," akasema baadaye, "mimi nilikuamini. Ulikuwa umetoka kaburini, ungedanganya kwa nini? Nilimwambia arudishe pesa za damu. Akasema hana pesa za damu. Nikamwambia basi asile chakula changu. Tangu siku hiyo nilikuwa nampakulia naweka mlangoni, kama mgeni, na yeye anakula peke yake kule ghalani. Mpaka alipougua. Mpaka alipokufa."

"Mama, nisamehe."

"Na hakusema." Alikuwa hanisikii. "Huyu mtu alikula peke yake miaka yote hiyo na hakusema."

Nikanyoosha mkono nimwinue. Aliutazama, kisha akajiinua mwenyewe kwa mpini wa jembe, akapanda kuelekea nyumbani. Nikasikia mlango ukifungwa. Nilibaki nimesimama hapo mpaka mtu wa pikipiki akapiga honi barabarani, mara ya kwanza, na ya pili.