Nilivyomwita Kunguru

Siku ile gerejini Manzese tulikuwepo wanne: mie fundi; mdogo wangu Zuhura, aliyeniletea chai; Mama Rehema, mwenye pikapu; na Selemani, dereva wake. Mipira ya waipa za kioo cha pikapu ilikuwa imenyofolewa tena, na Mama Rehema alitaka niamue kama dereva anaiuza.

"Wallahi, fundi, kunguru ndio wanaoila," Selemani aliapa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wazazi walipofariki niliacha shule niwalee wadogo zangu, lakini kwa kutambua porojo nilijiona profesa. Nikafunga mipira mipya, nikagonga boneti, nikaita kama mtu anayeita kuku: "Kunguru, njooni mle!"

Hakuja hata mmoja.

"Muongo huyu," nikahukumu. Mama Rehema akamnyang'anya Selemani ufunguo, akamfukuza papo hapo.

Chai yangu haijapoa, kunguru akatua kwenye pikapu, akauvuta mpira mbele ya macho yetu, akaruka nao.

Mama Rehema akanigeukia. "Dereva wangu yuko wapi, fundi?"

"Mwite, kaka," Zuhura akasema. "Si unajua kuita?"

Nimemtafuta Selemani hadi Kimara, sijamwona. Bado nadaiwa kumwomba radhi.