Mbio za Kwenye Benchi la Stoo

Nimeuza matairi ya mtumba miaka ishirini na mbili, na sijaona mtu akanitajia namba nikaikubali bila kuuliza mara ya pili. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kuwa kocha wao hupanga malengo ya msimu kwa kuwafumbisha watu macho, nilisema huyo tapeli, ngoja nikamwone.

Kocha mwenyewe ni mtunza stoo wa shule. Mwanamke mfupi, anachechemea kidogo, funguo kibao kiunoni. Wanafunzi wanamwita Mama Saa. Ujanani alikuwa mkimbiaji, akavunjika mguu, akalala miezi saba mguu ukiwa kwenye plasta. Pale kitandani akawa anakimbia mbio zake kichwani huku akiikagua saa ya ukutani. Mwanzoni alijidanganya, akawa anashinda kila siku. Kufikia mwezi wa nne alikuwa anachoka kweli, shuka linalowa jasho. Mguu haukurudi kwenye mbio. Alichokipata kitandani ndicho anachofundishia.

Utaratibu wake ni huu. Mkimbiaji anakaa kwenye benchi, kati ya maboksi ya chaki na viti vilivyovunjika, uso umeelekea ukutani. Anataja muda anaoutaka msimu huu. Anafumba macho, anainua mkono akianza, anaushusha akimaliza. Saa anashika Mama Saa, na muda utakaotoka ndio unaoandikwa ubaoni. Majaribio mawili, basi. Kwenye mita mia nane, aliyezidi mbili kumi na nane, yaani dakika mbili na sekunde kumi na nane, haandikishwi mashindano ya kanda. Anahamishiwa mbio za kupokezana vijiti.

Nilipofika stoo na kujitambulisha, muuza matairi, baba wa mkimbiaji, zamu ilikuwa ya binti yangu. Alikuwa hataki kusikia habari za vijiti.

"Mbili kumi na saba," akasema. Mwaka jana aliishia mbili ishirini na nne.

Mara ya kwanza mkono ulishuka kwenye mbili na tisa. Wenzake wakaangua kicheko.

"Dada, ulipanda pikipiki?"

"Hujaumia popote," Mama Saa akamwambia. "Rudi, ukimbie na miguu yako."

Akafumba tena. Nusu dakika ya kwanza niliona mtoto aliyekaa tu. Kisha vidole vikaanza kujikunja ndani ya viatu. Pumzi ikabadilika, ikawa ya vipande. Mzunguko wa pili mishipa ya shingo ilimsimama, jasho likachuruzika hadi kidevuni, na mimi nikajikuta nimeshikilia rafu ya mipira kwa mikono miwili. Nimemlea miaka kumi na sita. Sura ile sikuwahi kuiona. Hakuna aliyecheka. Mkono ukashuka.

"Mbili kumi na tisa."

Akafumbua macho, yamejaa machozi. Mimi mdomo wangu haujui kunyamaza.

"Nipunguzie hiyo sekunde moja, dada yangu. Moja tu."

"Mzee, hapa hatuuzi matairi." Stoo nzima ikacheka, na mimi nikacheka kwa aibu. Hakunitazama tena. Alimwinamia binti. "Sekunde yako imebaki wapi?"

Nilidhani atajibu hajui. Mimi ningejibu hivyo.

"Kona ya tatu," akasema papo hapo. "Yule mrefu wa shule ya jirani alikuja kwa nje. Nikaogopa kiwiko chake, nikakata mwendo nikampisha."

"Ulimpisha mmoja tu?"

"Mmoja tu. Baada ya hapo sikumpata tena."

Mama Saa alichukua chaki, kisha akamkazia macho. Nimekaa mbele ya wauzaji wagumu maishani mwangu, na sijamwona anayepima mtu kwa macho namna ile. Akageukia ubao, akaandika jina la binti, mbili kumi na nane, na pembeni yake: kona ya tatu.

"Sijakupa," akasema. "Umenionyesha ilipo. Kila Jumanne na Alhamisi utakimbia kona hiyo na wavulana wawili kwa nje, wenye viwiko. Ukiwapisha, nafuta."

"Sawa, Kocha."

"Anayefuata!"

Nilitoka na maswali yote niliyokuja nayo, sikuuliza hata moja. Nje, binti yangu alikuwa ameshafika kona ya tatu, peke yake, viwiko vimetanuka, anamfokea mtu ambaye hayupo:

"Zunguka mbali huko! Mimi sitoki!"