Wimbo Uliotoka Kinuni

Harufu ya pumba mbichi ikinipata popote, hata hapa Mikumi ninakosoma kidato cha tatu, najikuta nimerudi uani kwa Shangazi Mwanahawa, kule bonde la Mkondoa. Jina la kijiji silitaji, kwa sababu bado nina ndugu huko na mdomo wangu umeshawatia hasara ya kutosha. Mahindi yalilowekwa mpaka yakaanza kunukia uchachu, halafu wanawake watatu wakakizunguka kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, wakipokezana bila kugongana hata mara moja. Nilikuwa darasa la sita. Kazi yangu ilikuwa kupepeta, ila kazi niliyoipenda ilikuwa kuwaigiza watu: mwalimu mkuu anavyopenga kamasi, muuza perege anavyoapa kwamba samaki wa juzi ni wa leo. Waliniita Redio, tena redio isiyo na kitufe cha kuzima.

Kijijini kwetu palikuwa na kawaida moja. Mwanamke akishika mchi aliruhusiwa kuimba lolote kuhusu yeyote, awe mume mlevi, mama mkwe mchoyo au serikali ya kijiji. Aliyeimbwa akipita, sharti lake lilikuwa abishe hodi, aombe maji, anywe, aende zake. Akikasirika, aibu ni yake. Mchi ukiwekwa chini, na neno nalo limewekwa chini, wala hakuna wa kuliokota.

Mwaka ule Shangazi alikuwa na wimbo mmoja tu, wa kilugha, nao ulimhusu mwenyekiti wetu wa kijiji. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye fedha alikuwa anatafuta pa kuziweka, na mfanyabiashara mmoja alikuja kutoka mjini na pampu ya kuvuta maji mtoni, akitaka ardhi ya kulima vitunguu. Mara mwenyekiti akagundua kwamba shamba la Shangazi la kando ya mto, aliloachiwa na marehemu mumewe, kumbe ni mali ya kijiji. Shangazi akapeleka shauri baraza la kata. Hakuwa na karatasi. Alikuwa na Mzee Sefu, aliyepanda mkonge wa mpakani pamoja na marehemu, na Mzee Sefu alikuwa ameahidi kusimama na kusema. Siku ya baraza ilipangwa wiki moja baada ya Siku ya Wanawake. Huku tukingoja, mwenyekiti alipita uani wakati anaimbwa. Kwa macho yangu nilimwona akirekebisha kofia kwa vidole viwili, akicheka, akipokea kata ya maji mikononi mwa Shangazi aliyepiga goti kama ada inavyotaka. Hata kabla hajafika njiani, michi ilikuwa imeshalia tena.

Sasa mwalimu wetu wa kuimba, Mwalimu Tabu, binti aliyetoka chuoni juzi tu, alikuwa amechoka na nyimbo zile za kila mwaka za akina mama oyee tusonge mbele. Alisema haki haidaiwi kwa vigelegele. Alitaka wimbo unaowasema watu wanaotumia cheo kuwaonea wanawake, tuuimbe Siku ya Wanawake, Kilosa mjini, mbele ya mgeni rasmi. Darasa zima likaangalia sakafu. Mkono ukanyanyuka mmoja, nadhani mnajua wa nani. Niliimba wa Shangazi, nikautafsiri papo hapo, naye akaandika ubaoni:

Panya tulimvisha kofia,
tukampa ghala atulindie.
Leo anasimama mlangoni,
anatuuliza mahindi ni ya nani.

Mwalimu Tabu alisoma mara mbili, akasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kisha akaniuliza kama wenye wimbo wameruhusu. Nikasema ndiyo haraka kuliko chafya. Sikuwa nimemwuliza mtu. Hesabu yangu ilikuwa fupi: kama mwenyekiti anacheka kinuni, Kilosa atacheka pia, na wakubwa wakisikia watauliza ni shamba lipi hilo, na Shangazi atakuwa ameshinda kabla hata ya baraza kukaa.

Tulipelekwa Kilosa kwa lori la mfanyabiashara wa vitunguu, maana halikuwapo jingine. Wenyeviti wa vijiji walikaa kwenye mabenchi nyuma ya mgeni rasmi, mama mmoja mnene mwenye miwani. Tuliimba vizuri. Laiti tungeishia hapo. Lakini nilipoona watu wanatabasamu, damu ya uchekeshaji ikanipanda. Ubeti wa pili nikatoka mstarini, nikashika kofia ya hewa kwa vidole viwili, nikakohoa, nikasema, "Kimsingi, ndugu wananchi," kama mwenyekiti anavyoanza kila mkutano. Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Mgeni rasmi alivua miwani akafuta machozi. Mwenyekiti alipiga makofi kuliko wote. Wakati wa kurudi alitununulia maandazi, kila mtoto moja, mimi akanipa mawili. Alisema mchekeshaji anachoka zaidi. Niliyala yote, na yalikuwa matamu.

Habari zilifika uani kabla ya lori. Shangazi alikuwa anaanua nguo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka.

"Ulipokuwa unaimba, mchi ulikuwa mkononi?"

"Hapana, Shangazi."

"Na mwenyekiti, kuna aliyempa maji?"

Nikasema hapana.

"Basi hukuimba, mwanangu. Umesema."

Hakunichapa. Ningefurahi angenichapa.

Baraza lilipokaa hawakuanza na shamba. Walianza na wimbo. Walimwuliza Shangazi kama ndiye aliyetunga maneno ya kumdhalilisha kiongozi mbele ya mgeni wa serikali. Nilikuwa nachungulia dirishani, nikimwomba Mungu amjalie Shangazi aseme ni utundu wa watoto. Alisema, "Ni wangu." Hapo Mzee Sefu akaitwa. Alisimama na fimbo yake, akatazama ukuta, akasema macho yake yamezeeka, hakumbuki mkonge ule ulipandwa na nani. Maji yakimwagika hayazoleki. Kabla ya masika kwisha, mkonge uling'olewa, na pale mahindi yalipokuwa yakaota vitunguu, vizuri sana, siwezi kusema uongo.

Mwezi ule ule mwenyekiti akafungua mashine ya kusaga. Sikumbuki mtu aliyelazimishwa kwenda, ni rahisi tu, na mashine haiimbi mtu. Tangu siku ya baraza sikumsikia Shangazi akiimba. Alisema mikono inamwuma. Mwalimu Tabu alihamishwa shule nyingine, akaniaga kwa kunishika bega tu. Mimi na Shangazi, mlezi wangu, tulikuja Mikumi, ambako anawauzia chai na chapati madereva wa malori kando ya barabara kuu, na kinu tulichokuja nacho kimelazwa nyuma ya nyumba. Kuku hutagia humo.

Siku hizi redio ile ya kweli inasema ipo sheria mpya ya ardhi inayomtambua mwanamke. Sawa. Juzi mwalimu wa zamu alitangaza mstarini kwamba Siku ya Wanawake inakaribia, nani ana wimbo wenye ujumbe mkali? Wenzangu wakanigeukia, maana bado ni mimi ninayewavunja mbavu kila asubuhi. Nilitazama viatu vyangu. Nilipofika nyumbani nikakaa karibu na Shangazi, alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, nikamsimulia. Akauliza tumechagua upi. Nikamwambia ule wa akina mama oyee.

"Huo hauna neno," akasema.

Akaendelea kuchagua. Kisha vidole vyake vikagonga ukingo wa ungo, vitatu vikipokezana kama michi ya zamani, mapigo ya wimbo wake kabisa. Nikasubiri neno la kwanza. Aliokota jiwe moja dogo, akalitupa nje, akaniambia nikachote maji.