Nilivyopaka nyekundu injini ya snowmobile ya baba mkwe, shabiki wa kijani na njano

Habari za humu wakuu,

Stori hii naitoa kwa ruhusa ya mke wangu, maana anasema nimeikalia muda mrefu mno. Sijaongeza chumvi. Anayebisha, video ipo kwenye grupu la familia.

Mwaka 2015 nilikuwa Whitehall, hapa Columbus, Marekani, napiga kazi warehouse. Mchumba wangu Rehema alikuwa anasoma nursing Louisville. Baba yake, Mzee Salehe, yeye alijichimbia Lackawanna, kule Buffalo ambako theluji inafika dirishani.

Mzee ana mambo mawili hataniwi nayo: swala, na timu yake ya kijani na njano. Alishatangaza mbele ya ukoo kwamba binti yake haolewi na shabiki wa wekundu.

Mimi ni mwekundu tangu tumboni.

Rehema akanionya, "Ukifika kwetu, mpira huujui. Wakikuuliza, sema unapenda basketball."

Nilipoenda kuposa, mzee hakutaka kusikia habari za mahari. Alinipeleka garage, akafunua turubai. Chini yake kuna snowmobile ya zamani, imenizidi umri. Kwa msioijua, ni kama pikipiki ya theluji: mbele ina ski, nyuma inasukumwa na mkanda wa mpira, na kuiwasha unavuta kamba.

"Inawaka," akasema, "lakini inanitia aibu. Ifanye mpya. Boneti kijani, mstari wa njano. Ukiirudisha ndiyo tutaongea habari ya Rehema."

Tukaibeba kwenye pickup ya mshenga wangu, Bahati, Mkongo wa mtaa wa Linden ninayefanya naye kazi. Ndiyo, mshenga wangu alikuwa Mkongo. Ugenini unaoa kwa msaada wa waliopo.

Kazi tulifanyia garage kwa Bahati. Tukashusha injini, tukasugua kutu kwa msasa, tukaosha grisi, tukapiga primer, halafu ile rangi ya injini isiyoungua na joto. Boneti niliipaka kijani na njano huku roho inaniuma.

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Ndani ya boneti nani ataona? Nikanunua kopo jekundu.

Silinda nyekundu. Kava la feni jekundu. Hadi pale koili ya umeme inapofungwa, nyekundu tupu, na napaka huku napiga mluzi.

Bahati akaniangalia. "Donc weye unapaka fasi yote? Hata pale koili inakamata? Acha ile fasi bila rangi."

"Itapendeza zaidi," nikamjibu.

Wakuu, jibu hilo ndilo lililoniponza. Kuiwasha tena wala sikuiwasha, si ilikuwa inawaka kabla ya rangi? Nikaona inatosha.

Siku ya kukabidhi tukairudisha Lackawanna, na Rehema alikuja toka Louisville. Mashangazi zake walijipanga na simu zao uwanjani nyuma ya nyumba. Mzee kavaa helmet na skafu ya timu yake.

Akavuta kamba. Kimya.

Akavuta tena. Kimya.

"Baba, ingia ndani upate chai, mimi nitaicheki."

"Yangu naicheki mwenyewe," akasema, na boneti ikafunguka.

Nyekundu ile katikati ya theluji ilikuwa inawaka kama taa ya breki. Rehema alijifunika uso kwa mtandio. Niliogopa kweli kweli, niliona ndoa inaondoka hivihivi kwa ajili ya kopo moja la rangi.

"Nani kachagua rangi hii?" Mzee akauliza, anamtazama mshenga.

Kumbuka kazi ya mshenga ni kunitetea.

"Papa, miye siwezi danganya," Bahati akasema. "Ni yeye. Na ile rangi ndio iko inazuia courant. Koili haigusi chuma."

Mzee akaomba kisu. Mimi nikasogea nyuma ya shangazi mnene kuliko wote.

Kumbe anafungua koili. Akaanza kukwangua nyekundu pale inapofungwa, taratibu, anatabasamu peke yake. "Mnaona? Wekundu wakikaa mahali, umeme unakatika." Mashangazi wakaangua kicheko.

Akaifunga, akavuta kamba. Ikanguruma. Akazunguka uwanja wote, akarudi na theluji kwenye ndevu.

"Baba nisamehe," nikasema. "Nitaipaka upya, kijani yote."

"Ukithubutu, binti hupati. Iache hivyohivyo. Kila nikitaka kutembea, kwanza niwavute kamba nyie wekundu ndiyo muamke."

Kisha akamgeukia Bahati. "Mshenga, njoo ndani tuongee mahari."

Nilichojifunza: ukipaka rangi injini, pale koili inapofungwa bandika masking tape, chuma kiguse chuma. Ukimaliza, iwashe mwenyewe kabla mwenye mali hajafika. Kuhusu kuficha timu ukweni, ushauri sina, maana kopo lile ningelinunua tena.

Wenye uzoefu wa rangi za injini nirekebisheni. Na mliowahi kuficha timu ukweni msijifiche huko nyuma, semeni yaliyowakuta.

Mpaka leo theluji ikianguka Buffalo, kuna video inaingia kwenye grupu. Mzee anavuta kamba, injini inanguruma, chini kaandika neno moja: "Mmeamka?"

Nami hujibu, "Shikamoo baba. Tumeamka."