Mfuko wa Karanga kutoka Cheyo hadi Chemchem

Jumapili mchana sebule yangu ya Cheyo, hapa Tabora mjini, haikosi watu. Nina runinga kubwa kuliko zote mtaani, na sisemi hivyo kwa kubahatisha, maana nyingi kati ya hizo nyingine nimezifunga ukutani kwa mikono yangu. Niliondoka Tabora na begi moja na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikumvutia mtu. Dar es Salaam nilivuta nyaya mchana na kusoma jioni. Hakuna mjomba aliyenilipia wala mfadhili aliyenishika mkono. Nilirudi na stashahada ya umeme, nikajenga, nikaitundika kwenye fremu juu ya runinga, mahali ambapo macho ya kila mgeni lazima yapite.

Ratiba yetu haibadiliki. Saa saba ni taarifa ya habari, saa tisa makala, saa kumi mpira. Habari nazipenda kwa sababu nazitazama kwa namna yangu. Wakionyesha mafuriko, mimi natafuta nguzo za umeme kabla ya kutazama maji. Kiongozi akikata utepe, naangalia kama taa za nyuma yake zinawaka kweli. Mpirani nako ni vilevile. Watangazaji hupiga kelele kwa ajili ya mfungaji, mimi namtazama beki asiye na mpira, na mara nyingi bao nimeliona kabla halijafungwa. Waliozoea kukaa nami wanalijua hilo.

Makala huwa za Kiingereza, kwa hiyo mfasiri ni mimi. Namfasiria hasa shangazi yangu, dada pekee wa marehemu baba, anayekaa mtaa wa Chemchem na ambaye huja kila Jumapili baada ya ibada. Yeye hupenda za wanyama. Simba akimkosa swala, shangazi hupiga makofi kama timu yake imefunga.

Mwingine asiyekosa ni jirani yangu, Mgogo mstaafu wa reli, aliyefanya kazi miaka mingi stesheni ya Tura kabla ya kuhamia mjini. Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo nyumbani kwangu husema anachotaka na hula bila kukaribishwa.

Wiki tatu kabla ya sherehe ya kumuaga binti yangu anayeolewa, ilionyeshwa makala kuhusu njia ya zamani ya misafara, kutoka Pwani kupitia Tabora hadi Ujiji. Ikaja picha ya zamani ya wanaume wamepanga mstari, mizigo begani. Msimulizi alizungumza maneno mengi na kwa haraka. Mpira ulikuwa umebakiza dakika chache kuanza, nami nilikuwa nimeshika rimoti tayari kubadilisha.

"Hao ni watumwa," nikafasiri. "Wote mnaowaona hapo wanapelekwa Pwani kuuzwa."

"Wote?" akauliza shangazi.

"Wote, shangazi."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia nusu tu ya maneno yale. Nusu nyingine niliijaza mwenyewe. Ni tabia inayompata mtu ambaye kwa miaka mingi hajasahihishwa na yeyote nyumbani kwake.

Mtani hakuiacha nafasi ile ipite. "Kumbe!" akasema, akijipiga mapaja. "Miaka yote hii Wanyamwezi mnatutambia na safari zenu, kumbe babu zenu walikuwa wakipita kwetu na kamba shingoni! Na sisi tuliowauzia maji tukadhani ni wateja!"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, maana utani hujibiwa kwa kicheko. Shangazi akainuka, akajifunga khanga yake vizuri. "Asante kwa somo, mwalimu," akaniambia, akatoka. Yeye huniita baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. Hilo la mwalimu lilikuwa geni, lakini mpira ulikuwa umeanza, nami nikadhani amechoka tu.

Jumapili iliyofuata hakuja. Mke wangu akaenda Chemchem kupanga naye mambo ya sherehe, akarudi uso umemshuka.

"Anasema mjukuu wa mtumwa hana la kusema mbele ya wakwe. Tutafute shangazi mwingine."

Hakuna shangazi mwingine. Kwenye ukoo wetu binti hatoki nyumbani mpaka shangazi amshike mkono na kuwaambia wakwe wanamchukua mtoto wa nani. Binti yangu aliposikia alikuja kusimama mlangoni kwangu. Hakulia. "Baba," alisema, "bibi asipokuja, mimi chumbani sitoki. Wakwe watanikuta nimekaa kitandani."

Nikapiga simu. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwalimu," akajibu, akakata.

Siku hiyo niliitafuta ile makala kwenye simu, nikaisikiliza mara mbili polepole. Msimulizi alisema mateka walikuwepo kwenye njia ile, tena wengi, na mateso yao yalikuwa makubwa. Lakini alisema pia kwamba mizigo mingi ilibebwa na watu huru waliopatana malipo yao kabla ya kuondoka, na waliosifika kwa kazi hiyo ni Wanyamwezi. Picha ile ilikuwa ya wapagazi wa kukodiwa, kazi aliyoifanya babu yake shangazi. Niliiweka simu mezani, nikakaa. Kutengeneza kitu kilichoharibika ni kazi yangu, na ninaifanya vizuri. Kuomba radhi sikuwa nimezoea, na siku zikapita.

Mchana wa Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, mtani aliingia, akamsalimia mke wangu, akapanda kwenye kochi na viatu vyake, akaitungua stashahada yangu na kuibana kwapani.

"Moto huu niliuchochea mimi, basi na maji nitaleta mimi," akasema. "Hii naipeleka kwa dada yetu Chemchem. Ukiitaka, ifuate kwa miguu, na mzigo begani."

Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Ukikasirika, umevunja kilichoachwa na wazee, na mtaa mzima utakusema. Nikajaribu njia nyingine. "Gari langu liko nje."

"Gari halina bega."

Akaingia stoo mwenyewe, akachagua mfuko wa karanga, mkubwa kuliko nilivyopenda, akanisaidia kuupandisha. Nikatoka.

Mimi si mlegevu. Nimepanda nguzo nyingi nikiwa na mitambo mgongoni, na hatua za mwanzo nilizipiga bila shida. Lakini karanga ni mzigo wa ajabu, hazitulii. Kila ukiliweka bega sawa, zinahama. Mtani alitembea mbele yangu ameigeuza fremu ili watu waisome, akipaza sauti: "Pisheni! Msafara unapita!"

Mama mmoja niliyemfungia umeme nyumba nzima alisimama kwenye geti lake. "Fundi, gari limeharibika?"

"Hapana mama. Nimekosea mahali, narekebisha."

"Umeme?"

"Maneno."

Nilipobadilisha bega kwa mara ya tatu, mtani akawatangazia wapita njia: "Wazee wake walifika Pwani, mwenzenu hata sokoni hajafika!" Shati lilikuwa limenishika mgongoni. Sikumjibu, kwa sababu pumzi nilikuwa nazihitaji kwa kazi nyingine.

Shangazi alikuwa kibarazani akipepeta mchele. Aliitazama fremu, akanitazama mimi, akaendelea kupepeta.

"Shikamoo, shangazi." Nikainama ili niushushe mfuko.

"Usitue. Mpagazi hatui mpaka aambiwe." Akauweka ungo chini. "Nani alimtuma babu yangu kubeba?"

"Hakuna. Alikwenda mwenyewe, na malipo yake alipatana kabla ya kuondoka. Nilisema nisichokijua, tena mbele za watu. Nisamehe."

Akaacha nisimame kidogo.

"Tua, baba."

Nilipotua alinyoosha mkono, akagusa bega langu pale lilipokuwa limevimba. "Yeye alikuwa na kinundu hapa," akasema. "Nilikuwa mtoto mdogo, alikuwa akinikalisha karibu yake nami nikikishika. Alikwenda Pwani mara tatu. Enzi zao kijana asiyefika Pwani hapati mke. Wewe ulikwenda kwa treni, umekalia kiti."

Nilitaka kumwambia kwamba nilisimama kutoka Tabora hadi Morogoro. Badala yake nikafuta jasho.

"Na wale waliofungwa kamba, walikuwepo," akaendelea, sasa akimtazama mtani. "Hao si wa kuchekwa. Walikuwa na mama zao. Lakini kila mtu atajwe kwa vile alivyokuwa."

Mtani akainamisha kichwa. "Hapo nimekosa, dada." Sijawahi kumsikia akisema hivyo tena.

Tulikaa pale mpaka jua lilipopoa. Shangazi alinitajia njia ya babu yake kituo kwa kituo kama alivyotajiwa yeye, nami nikairudia mpaka ikakaa kichwani.

Jumamosi wakwe walipofika, binti yangu alitoka chumbani ameshikwa mkono na shangazi. Walipofika katikati ya ua shangazi alisimama, akasema kwamba mwenye kueleza huyu ni mtoto wa nani ni baba yake, na yeye hapigi hatua nyingine mpaka nimalize. Haikuwa kawaida, na wakwe walitazamana. Nikasimama. Niliwaambia babu yake shangazi aliondoka Tabora kwa hiari yake, nikataja Tura, nikataja Ugogo, nikataja milima, nikafika baharini na kurudi, mara tatu. Sikuongeza neno la kwangu. Nilisema vizuri na wakwe walipiga makofi, sioni sababu ya kulificha hilo. Shangazi alikuwa akinifuatisha kwa midomo, bila sauti, na nilipomaliza safari ya tatu alimvuta binti yangu kidogo kwa mkono.

"Haya, mama," akamwambia, "twende."