Mkono Uliopima Karafuu

Kipupwe cha mwaka 1968 kilikuwa cha saba kwa Machano juu ya pikipiki ya kazini. Kila alfajiri alitoka kwake Ng'ambo, akapita Bububu, akenda Mangapwani kupima ukavu wa karafuu katika kituo cha kununulia. Upepo na manyunyu vilimpiga mikononi njia nzima. Mkewe, Mwatum, alimpa soksi za sufu azivae mikononi, lakini zikilowa zilikuwa baridi kuliko kutovaa kitu. Alijaribu mafuta ya nazi, akajaribu na kujifunga magazeti. Mwishowe alizoea kusimama Chuini na kusogeza viganja karibu na injini mpaka vidole vianze kuuma. Vikiuma, alijua vi hai.

Siku hiyo alichelewa, akapita Chuini bila ya kusimama.

Alipima kwa mkono mtupu. Aliutia ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatulia, kisha akasema kavu au mbichi, na neno lake halikupingwa. Gunia la kwanza lilikuwa la Jecha, mkulima wa Donge.

"Mbichi," alisema Machano.

Jecha alilipakia tena kwenye gari lake la ng'ombe, akaondoka.

La pili lilikuwa la Bi Kidawa, mjane wa pale pale kijijini.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Pima, tupate kwenda zetu."

Machano alitia mkono. "Hizi nazo mbichi, Bi. Rejea ukazianike."

"Nkazianike wapi na mvua hii? Nshazianika siku sita, nazilinda kama mwari. Nikizirejesha zitaota ukungu, na sina gunia jingine mwaka huu."

"Mkono wangu haujanidanganya miaka saba."

"Hebu ulete huo mkono."

Aliushika, akaguna. "Huu mkono wa maiti aliyekwishakoshwa. Kila utakachogusa utakiona kibichi."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Machano alikuwa amechoka hata asiweze kukasirika. Bi Kidawa alimvuta mpaka kwa muuza kahawa, akamkalisha mbele ya makaa ya dele la kahawa. Machano alinyoosha mikono, akangoja. Vidole vilipoanza kuuma, alirudi kwenye gunia.

Safari hii karafuu zilimteleza vidoleni, nyepesi. Alichukua moja akaivunja. Ikakatika kwa mlio.

"Kavu," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, Bi."

"Mimi nshakusamehe. Na yule wa Donge je?"

Machano alitazama barabarani. Gari la Jecha halikuonekana tena, na manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua. Alizitoa mfukoni soksi za Mwatum, akazikamua, akazivaa mikononi vivyo hivyo.

"Ota moto kwanza, mwanangu."

"Nikikaa tena, Bi, sitainuka."

"Basi ukimkuta usimpime huko njiani kwa mikono hiyo. Mwambie arudi tu."

Alipiga teke pikipiki mara mbili, ikakataa. Mara ya tatu ikawaka.